Medali Husomwa Ukingoni

Anayeanza kukusanya medali hutazama uso wake: kichwa cha mfalme, farasi, simba, mwaka. Aliyezoea huigeuza upande kwanza, akaisogeza kwenye mwanga na kusoma ukingo. Usoni medali za aina moja zote ni zilezile, zimegongwa kwa maelfu kwa muhuri mmoja. Ukingoni ndiko lilikoandikwa jina la mtu, namba yake, cheo chake na kikosi chake. Vitu hivi si fedha ya serikali wala havinunui hata kitumbua, na wanaotucheka sisi tunaovihangaikia wana haki yao. Lakini pale penye jina pana habari ya mtu, na mara nyingi hapana mahali pengine popote ilipoandikwa.

Safari hii niliifunga kwa ajili ya medali 60. Zilitengenezwa London kwa madini ya fedha, kwa agizo la Royal Geographical Society, chama cha wanajiografia wa Uingereza, na zimeandikwa mwaka 1874 pamoja na maneno ya Kiingereza Faithful to the End, yaani waaminifu hadi mwisho. Kila moja ilichongwa jina la mmoja wa watu waliobeba maiti ya mmisionari na msafiri David Livingstone kutoka Chitambo, katika Zambia ya leo, hadi pwani. Sikuwa na tamaa ya kuipata hata moja. Zinapojitokeza, ambayo ni nadra, hujitokeza kwenye minada ya Ulaya, na bei zake si za mtu anayepanda daladala. Nilichotaka ni kupaona mahali zilipotakiwa kufika.

Nikaanzia Bagamoyo. Basi la kutoka kituo cha Makumbusho, Dar es Salaam, lilipita Tegeta, Bunju na Mapinga kwa mwendo wake wa kusimama kila penye mtu aliyeinua mkono, na kabla ya adhuhuri nilikuwa natembea chini ya miembe ya misheni ya Wakatoliki. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika hapa mwaka 1868. Kanisa lao la mwanzo limebaki mnara tu, nao huitwa Mnara wa Livingstone, ingawa yeye hakuwahi kuuingia akiwa hai. Ni mdogo kuliko nilivyoutarajia kwa picha. Februari 1874 maiti yake ililazwa humo usiku, na wale waliokuwa wameibeba tangu mwezi Mei wa mwaka uliotangulia wakawa hatimaye wameutua mzigo wao.

Kwenye makumbusho ya misheni kuna picha za kutosha za Livingstone. Mzee mmoja aliyekuwa akiwatembeza wageni aliniuliza natafuta nini hasa, kwa kuwa nilikuwa nimeipita picha ya mzungu bila kusimama.

"Shikamoo mzee. Nawatafuta waliombeba."

"Marahaba mwanangu. Hao ndio hawaulizwi na watu," akasema, kisha akanikalisha kwenye kivuli na kunihadithia kwa namna ambayo vitabu haviwezi.

Kwa ufupi ni hivi. Livingstone alikufa tarehe 1 Mei 1873. Wangeweza kumzika palepale na kugawana vitu vyake, na hakuna ambaye angewauliza. Wao wakautoa moyo na matumbo wakavizika chini ya mti, mmoja wao, Jacob Wainwright, akasoma sala za maziko na kuchonga maandishi kwenye shina. Maiti wakaitia chumvi, wakaianika juani wiki mbili, wakaifunga kwa kaliko na magome ya mti, halafu wakaishona ndani ya turubai na kuipaka lami. Waliongozwa na Abdullah Susi, mtu wa Shupanga kwenye mto Zambezi, na James Chuma, Myao. Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, wakamkuta Mwingereza Verney Lovett Cameron aliyewashauri wazike hapo. Wakakataa. Mbele zaidi wenyeji wa kijiji kimoja wakawa hawataki maiti ipite kwao. Wakatangaza kwamba wanairudisha Unyanyembe, wakatuma watu na mzigo wa uongo, na maiti yenyewe wakaifunga upya ionekane robota la nguo la kawaida. Ikapita.

Hapo mzee alicheka sana. Mimi pia hunifurahisha kipande hicho kuliko vingine, kwa sababu hakina utiifu wa mtumwa ndani yake. Ni hila ya watu wa misafara wanaoijua njia, wameamua jambo na wanalitimiza wapendavyo. Aliyeandika "waaminifu" kwenye fedha huko London hakukosea, ila aliwaona upande mmoja tu.

Na safarini walikuwamo wanawake. Halima, mpishi, ambaye Livingstone mwenyewe alimwandika katika daftari zake na kumwahidi nyumba na bustani Unguja, ndiye ninayemfikiria mara nyingi zaidi.

Kilichofuata Bagamoyo kilikuwa cha haraka mno. Manowari ya Waingereza, Vulture, ikaja kuchukua maiti. Kaimu balozi wa Uingereza pale Unguja, Prideaux, akawalipa watu ujira wao, na basi. Waliondoka kila mtu na njia yake, wengine kutafuta msafara mwingine, wengine kurudi makwao. Jacob Wainwright peke yake ndiye aliyesafiri na jeneza hadi Uingereza, akawa miongoni mwa waliolisindikiza kaburini ndani ya Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Susi na Chuma walipelekwa baadaye na rafiki wa marehemu, mkemia James Young, maziko yakiwa yamekwisha, na huko wakamsaidia Horace Waller kuzipanga daftari za mwisho za Livingstone ziwe kitabu.

Medali zikaja baada ya hayo yote. Yaani kwanza watu walitawanywa, ndipo zikatengenezwa medali zenye majina yao, zikaletwa Unguja kuwatafuta. Wengi hawakuonekana. Kwa mkusanyaji hilo si jambo dogo: medali iliyokabidhiwa mkononi huvaliwa, huchakaa, hutobolewa, huingia kwenye sanduku la familia. Ambayo haikukabidhiwa hubaki ofisini inang'aa kama siku ilipotoka kiwandani, na baadaye hupotelea njia za maofisa. Ukiiona medali ya mbebaji iliyo safi kupita kiasi, usishangilie. Jiulize kwanza kama mwenyewe aliwahi kuigusa.

Nilivuka kwenda Unguja kwa boti la asubuhi kutoka Dar es Salaam, bahari ikiwa na mawimbi ya kutosha kuwanyamazisha abiria wote wa ghorofa ya chini. Nilianzia Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Waanglikana alilolijenga Askofu Edward Steere pale palipokuwa soko la watumwa. Ndani kuna msalaba uliochongwa kwa mbao za mti ule wa Chitambo. Wageni huupiga picha na kutoka. Chuma alifia Unguja mwaka 1882, kifua kikuu kikiwa kimemmaliza, baada ya kuwa kiongozi wa misafara mikubwa ya bara, ukiwamo ule wa mpelelezi Joseph Thomson. Susi alikwenda na mpelelezi Stanley hadi Kongo, akarudi, akabatizwa kwa jina la David, akafa hapahapa mwaka 1891. Wainwright aliishia Urambo mwaka 1892. Ukiweka pembeni sifa zote za Ulaya, hawa walikuwa mafundi wa kazi moja, kazi ya kuwatoa watu 100 pwani na kuwafikisha wanakokwenda wakiwa hai, na walilipwa kwa kazi hiyo.

Kutoka Mkunazini nikaingia Mtaa wa Gizenga. Maduka yake yanauza kila kitu ambacho mgeni atapenda kuamini ni cha kale: dira za meli zilizotengenezwa juzi, kufuli za shaba, pesa za Sayyid Barghash zenye mchoro wa mizani. Hizo pesa ni halisi mara nyingi, na ni nyingi, lakini ni sarafu, sizo nilizozifuata. Nilikuwa nauliza medali. Mwenye duka mmoja akanielekeza kwa sonara, uchochoro wa tatu nyuma ya duka lake.

Sonara alikuwa mtu mzima, miwani imefungwa kwa uzi. Nilimwamkia, nikakaribishwa kahawa, tukazungumza habari za mvua na bei ya dhahabu kwanza, maana kwa sonara wa Unguja huingii na shida yako mlangoni. Nilipoitaja akavuta droo, akatoa kitambaa, akakifunua.

Ilikuwa ni medali ya Uingereza ya Vita Kuu ya Kwanza, ile ya fedha yenye kichwa cha Mfalme George wa 5. Mgongoni yupo mpanda farasi aliye uchi, ameshika upanga mfupi, kwato zikikanyaga ngao yenye tai na fuvu la kichwa, jua la ushindi likichomoza juu yake, na miaka 1914 na 1918 pembeni. Medali hizi zilitolewa kwa mamilioni, kwa hiyo aina yenyewe si adimu kabisa. Hii lakini ilikuwa imeng'olewa kishikizo chake kilichonyooka, ikachomelewa pete ndogo ya kupitisha mkufu. Mtu fulani alikuwa ameigeuza kidani. Paja la mpanda farasi na shavu la mfalme vilikuwa vimesagika kwa kusuguana na nguo, na upande wa nyuma ulikuwa na weusi wa zamani ambao haupatikani kwa dawa.

Niliomba ruhusa, nikatoa lenzi na kalipa. Upana: milimita 36, kama inavyotakiwa. Kipimo hiki ni cha lazima, kwa sababu wako wanaotupa jina la asili kwa tupa na kugonga jina la mtu mwenye sifa zaidi ili wapandishe bei, na kila unapokula ukingo, medali hupungua. Ikisoma 35 na robo, irudishe kwa heshima. Kisha nikaielekeza dirishani na kuizungusha polepole. Herufi zilikuwa kubwa, zimegongwa kwa mashine, zimezama sawasawa. Namba. Cheo, askari wa kawaida. Jina moja tu, bila la baba. Halafu kikosi: cha 7 cha King's African Rifles.

Hapo moyo ulinienda mbio. Jeshi hilo la KAR, la askari wa Kiafrika chini ya Waingereza, lilianza mwaka 1902, na vikosi vyake vingi asili yake ni Nyasaland, Kenya na Uganda. Kikosi cha 7 kiliundwa mwaka 1917 kwa askari wa Zanzibar na Mafia, na maisha yake yalikuwa mafupi. Medali yake haikuokotwa huko mbali ikaletwa kuuzwa kwa watalii. Ilikuwa nyumbani.

"Hii siiuzi," sonara akasema kabla sijauliza. "Rehani. Mwenyewe yuko Michenzani, ataikomboa."

"Akichelewa, sheikh?"

"Atachelewa. Mwaka jana alichelewa. Sasa mimi nitayeyusha babu wa mtu?"

Nilimwomba kitu kimoja tu, asiisafishe. Alikuwa na chupa ya tindikali karibu, na mkono wa sonara haupendi kuona fedha nyeusi. Akacheka, akaifunga kitambaa chake. Nilinakili maandishi ya ukingo yote, nukta kwa nukta, nikamwachia nakala moja ampe mwenye mali. Sikuinunua, na nilifurahi kwamba haikuwezekana.

Si masonara wote wana moyo huo. Medali hiyo ina takriban wakia moja ya fedha yenye usafi wa sehemu 925 kwa 1000, na mtu wa kuyeyusha huliona hilo kabla ya mengine yote. Bei ya fedha ilipopaa duniani mwaka 1980, huko Uingereza kwenyewe medali hizi zilitiwa motoni kwa wingi mno, na waliozitia ni wajukuu wa waliozivaa. Pwani yetu ina desturi ya zamani zaidi ya kuyeyusha: reale za Maria Theresa ziliishia kwenye vikuku na vidani vya bibi zetu. Sina sababu ya kuamini kwamba medali za 1874 ziliogopwa zaidi.

Nipitie Kariakoo kidogo, ingawa sikupita kwa miguu. Soko lile la Dar es Salaam limepata jina lake kwa Carrier Corps, wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, ambao waliokufa ni makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na kuhara kuliko risasi. Medali ileile ya mpanda farasi ilitengenezwa pia kwa shaba nyeusi, kwa ajili ya vikosi vya vibarua kama vile Wachina na Wamalta. Miaka yote niliyokusanya na kuwauliza wenzangu, sijashika hata moja yenye jina la mpagazi wa Afrika Mashariki. Wale wa Livingstone walikuwa 60 na wakachongewa majina. Hawa walikuwa umati, wakapewa soko.

Mombasa niliifikia usiku, kwa basi la Tanga, baada ya foleni ya mpakani, Horohoro na Lungalunga. Asubuhi nikaenda Kengeleni, Kisauni, kuiona kengele ya Frere Town, makazi ambayo Church Missionary Society waliyaanzisha mwaka 1875 kwa watu waliookolewa utumwani. Aliishi Mombasa hadi kufa kwake mwaka 1935 mtu aitwaye Matthew Wellington, Myao, aliyeuzwa utotoni, akaokolewa baharini, akasomeshwa Nasik huko India, akaletwa mwaka 1872 pamoja na wenzake kumfuata Livingstone bara. Alikuwa kwenye msafara ule wa maiti. Hebu fikiria: wakati yeye anakufa, Jomo Kenyatta alikuwa mtu mzima anayesoma London. Hao wabebaji hawako mbali nasi kama picha zao za rangi ya kahawia zinavyotudanganya.

Niliposema kazi yangu kwa watu waliokuwa wameketi karibu na kengele, mmoja akanichukua kwa shangazi yake. Bibi alikuwa kibarazani anachambua mchicha.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu, karibu. Umekuja kuniibia nyota ya baba?"

Alitania, lakini nyota ilikuwapo. Aliitoa kwenye mkebe wa biskuti, imefungwa kipande cha leso: Nyota ya Burma, ncha sita, utepe wa samawati iliyokoza wenye bendi nyekundu katikati na mistari ya machungwa. Baba yake alikuwa na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyopigana na Wajapani mwaka 1944. Kwa sonara nyota hii si kitu, ni mchanganyiko wa shaba na zinki. Na kwa mkusanyaji wa kawaida nayo si kitu, kwa kuwa Waingereza waliamua medali za Vita Kuu ya Pili zitolewe bila majina, kuokoa gharama. Mgongo wake hutoka kiwandani mtupu.

Huu haukuwa mtupu. Ulikuwa umechorwachorwa jina kwa bikari ya shule, herufi zimepinda, moja imeteleza hadi kwenye ncha ya nyota. Kaka yake bibi aliyefanya hivyo alikuwa darasa la 6, na alichapwa kwa ajili hiyo. Mnadani hilo huitwa kasoro na bei huteremka. Naona wanaopanga bei hizo hawajui kusoma. Askari huyu aliyenyimwa ukingo aliandikiwa jina na mwanawe, kwa mkono, na baadaye baba mtu akaendelea kuivaa hivyohivyo siku za sikukuu. Katika vyote nilivyoviona tangu Bagamoyo, hii ndiyo medali ningeiweka katikati ya kabati la makumbusho.

Bibi alinisimulia mengi ambayo hayakuwa kwenye chuma: kijiji alichotoka baba, meli iliyomchukua Kilindini, mguu uliooza kwa mvua za Burma. Mjukuu wake alikuwa akirekodi kwa simu, na ndiyo mara ya kwanza alikuwa akiyasikia.

Kwa hiyo nina ombi kwako msomaji. Ikiwa nyumbani kwenu kuna medali, usiisugue kwa majivu, ndimu wala dawa ya meno, na usiondoe utepe hata ukiwa umeraruka. Isome ukingo kwenye mwanga wa upande, nakili kila herufi na kila nukta kama ilivyo, hata jina likiwa limekosewa, kisha piga picha pande zote. Muulize mkubwa aliyepo nani aliivaa, wapi, na alirudi vipi, uandike pamoja na tarehe ya siku uliyouliza. Na kama ni ya fedha, ina mwaka 1874 na yale maneno ya Kiingereza niliyoyataja, usiipeleke kwa sonara wala usimwonyeshe mgeni wa hotelini. Nenda nayo kwanza Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam au Fort Jesus Mombasa, uwaonyeshe wataalamu, kabla hujasikiliza bei ya mtu yeyote.